Mama Mkanaani hakunyamaza

Mahubiri ya Mathayo 15 yakianza, najua neno "jaribu" haliko mbali. Yesu yuko pande za Tiro na Sidoni, Lebanoni ya leo, na mama Mkanaani anamlilia kwa ajili ya binti yake aliyepagawa na pepo. Kwanza hajibiwi hata neno. Kisha anasikia kwamba Yesu ametumwa kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli tu. Halafu linakuja lile ambalo wahubiri wengi hulipita mbiombio: si vema kuchukua chakula cha watoto na kuwatupia mbwa.

Maelezo ya kanisa, kwamba Yesu alikuwa akiijaribu imani yake, ni ya zamani. Yohane Krisostomo, askofu na mhubiri wa karne ya 4, alifundisha kwamba Kristo alichelewesha jibu ili imani ya mama huyu idhihirike. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, aliona "ndiyo" iliyofichwa chini ya "hapana", na kweli ukisoma polepole hukuti mahali Yesu anapomwambia "sikusaidii". Nakubaliana nao, ingawa lile neno la mbwa bado linanikwaruza, na sioni haja ya kulipaka sukari.

Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Mgonjwa aliyekesha kwenye maombi na asipone huambiwa anajaribiwa, hivyo avumilie, asilalamike. Mama huyu alilalamika! Alipiga kelele mpaka wanafunzi wakachoka. Aliposikia habari za mbwa, alilidaka neno hilohilo akalijengea hoja: hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Alimbana Yesu kwa maneno yake mwenyewe, naye Yesu akasema, "Mama, imani yako ni kubwa." Sura moja nyuma, Petro alipoanza kuzama ziwani, aliambiwa ana imani haba. Mwingine anayesifiwa kwa imani kubwa katika Mathayo ni akida wa Kapernaumu, ofisa wa jeshi la Kirumi, naye pia hakuwa mtu wa Israeli. Kwa hiyo makanisa yanayowafundisha akina mama kwamba imani ni kuinamisha kichwa na kungoja, hayajaichukua kutoka sura hii.

Kuna na wale wanafunzi. "Mwache aende zake, kwa maana anapiga kelele nyuma yetu." Hiyo ni sauti ya watu waliosumbuliwa safari yao, nami naisikia kanisani mara nyingi kuliko ningependa. Wazee wanamkwepa mama mwenye mtoto wa kifafa kwa kuwa anavuruga ibada, kisha wanamwambia Mungu anampima imani. Hapo wanamsingizia Mungu. Waliomkataa ni wao, na wanajulikana kwa majina.

Tena si kila hapana ina ndiyo chini yake, angalau si ndiyo tuliyoiomba. Katika 2 Wakorintho 12, Paulo anasema alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba katika mwili. Akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Hatusomi popote kwamba mwiba ulitoka, na sijasikia mhubiri akisema mtume alishindwa jaribu. Heshima hiyo anayopewa Paulo, kwa nini inyimwe jirani ambaye mtoto wake aliombewa na hakupona?