Hesabu ya Miongo na Utabiri wa Redio

Kila Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, Zanzibar, huchomwa kibanda cha makuti, na watu hutazama moshi unaelekea wapi. Wageni huja kuona ngoma na vijana wanavyopigana kwa magomba. Kwa wenyeji, Mwaka Kogwa, yaani Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, ndio mwanzo wa hesabu: siku 365, zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambayo wazee wameitumia kupanga kilimo na safari za bahari.

Mkataba wa Paris wa 2015, kifungu cha 7, unataka maarifa ya jadi na ya watu asilia yaongoze hatua za kuhimili mabadiliko ya tabianchi bega kwa bega na sayansi. Wenye shaka na maarifa haya wana hoja nzito. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka 4. Masika nayo hayana ahadi tena. Anayepanda kwa kufuata muongo peke yake anaweza kuila hasara ya mbegu. Na Kimbunga Hidaya kilipotukaribia Mei 2024, tahadhari ilitoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Lakini nenda pwani wakati wa bamvua, siku za maji makubwa kujaa na kupwa, maji yakishakupwa. Mama anainua kamba yake ya mwani: umepauka, umelainika, unakatika mkononi. Yeye anajua ni shamba lipi linaanza kuungua na ni lipi linapata mkondo wa maji baridi. Utabiri unaosomwa kwa pwani nzima haufiki hapo. Akiambiwa ahamie maji ya kina, atakuuliza kwanza nani atamfundisha kuogelea, na swali hilo ni maarifa pia.

Neno "asilia" linatutatiza, maana Mhadimu, Mtumbatu na Mpemba wote wana haki ya kulidai, na visiwa hivi vimechanganya damu karne nyingi. Mimi ningeiweka haki ya maarifa haya kwa anayeishi na bahari ile na kuila hasara yake.

Na haki hiyo inavunjwa kimyakimya. Mzee mmoja wa kwetu alihojiwa asubuhi nzima juu ya miongo. Daftari likajaa, likaondoka, na hadi leo hajasomewa hata ukurasa mmoja. Ningetaka watabiri waje kabla ya masika, wakae barazani na wazee na kina mama wa mwani, kila upande useme unachokiona, kisha baada ya mvua warudi palepale waulizane nani alikosea na wapi.