Posta Haitaki Jarida Lako Lipone

Jamani, nani aliyewaambia watu kwamba kumtumia staa wa Marekani jarida la kale alitie saini, kwa posta ya huko huko Marekani, ni kazi ya stempu na bahasha? Bahasha ipi? Jarida la kawaida la michezo lina upana wa inchi 8 na urefu wa 10 na nusu. Bahasha ya 9 kwa 12 inalimeza. Sasa lete jarida la picha la Life la miaka ya 60. Lile ni mlango wa kabati! Urefu unapita inchi 13, bahasha za dukani zote zinaligomea, na mwenye haraka zake anaamua kulikunja. Ukishalikunja, saini ya nini tena? Mpelekee muuza karanga afungie.

Haya, tuseme lako ni la saizi ya kawaida. Livishe mfuko wa plastiki ya polipropilini, na mgongoni mwake utie kadi isiyo na asidi. Ile mifuko laini ya PVC inayonuka ukiifungua, iache dukani. Plastiki ile hufyonza wino. Siku ukilitoa jarida, saini imehamia kwenye mfuko. Halafu kuna wapenzi wa selotepu. Wanafunga mdomo wa mfuko, wanaridhika. Staa anafungua, anavuta, gundi inanasa jalada na kuondoka na kipande cha picha yake mwenyewe. Tumia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, uibandike upande wa nyuma, ncha yake uikunje kidogo mtu apate pa kushika. Mwenzio ana rundo la barua mezani, hana muda wa kukwangua kwa kucha.

Kisha kadibodi za boksi, vipande viwili. Kimoja mawimbi yake yalale, kingine yasimame, maana yakielekea upande mmoja vyote vinapinda kwa pamoja bila ubishi. Vizidi jarida robo inchi kila upande, kwa kuwa pembe ndizo hufa kwanza.

Umefikiri umemaliza. Karani wa posta anaiweka bahasha ukingoni mwa kaunta, nusu inaning'inia, anaibonyeza. Isipoinama walau inchi moja, hiyo si bahasha tena, ni kifurushi, na bei ni ya kifurushi. Ikiinama unalipa nafuu, lakini na jarida si limeinama? Yaani unapewa punguzo kwa kukubali mali yako ipindwe! Lipa ya kifurushi, nyamaza. Na ukisikia mtu anakushauri Media Mail, ile ya bei poa ya vitabu, mshukuru na uendelee na safari. Jarida lenye matangazo haliruhusiwi humo, na posta ina haki ya kufungua ikakagua. Tangazo la sigara la mwaka 1965 litakuponza. Maandishi ya "usikunje" andika ukipenda. Mashine haijasoma shule.

Sasa kichwa kinaanza kuuma: bahasha ya kurudishia. Iingie ndani bila kukunjwa, kwa hiyo ya nje iwe 10 kwa 13 na ya ndani 9 kwa 12, jina na anwani yako vimeandikwa, stempu zimebandikwa tayari. Lebo ya kununua mtandaoni haifai, ina tarehe ya kutuma, na staa anaweza kulikalia jarida miezi sita. Stempu za Forever, zile za Marekani zisizoandikwa bei, hazichachi. Ila mtego uko hapo hapo. Tangu Oktoba 2019, mzigo wenye stempu ukizidi wakia 10 au unene wa nusu inchi hautumbukizwi kwenye sanduku la barua, lazima mtu aupeleke kaunta. Hebu mfikirie mchezaji wa mamilioni ya dola amepanga foleni nyuma ya bibi anayetuma sweta, kisa jarida lako! Kwa hiyo pima, mizani ya jikoni inatosha. Jarida wakia 5 au 6, mfuko na kadi wakia moja na ushee, kadibodi mbili zinakula karibu 3, bahasha 1. Umeshapita kile kikomo cha wakia 10. Kwa safari ya kurudi punguza: kadibodi moja ibaki, ya pili badala yake weka kadi nyembamba. Kisha upime tena safari hiyo peke yake, bila barua na bila bahasha ya nje, na stempu zifike bei ya kifurushi.

"Basi mimi natuma rejista, mpokeaji asaini." Tuma! Msaidizi wa staa hatii saini kwa mgeni. Taarifa inaachwa mlangoni, mzigo unakaa posta siku 15, halafu jarida linakurudia zima, safi, halina hata nukta. Lichukulie namba ya kufuatilia, inatosha.

Na hao wanaotia makapeni ndani ya bahasha, eti kwa upendo! Mashine ya kuchambua barua inaikandamiza peni, nayo inachimba bonde puani mwa staa jaladani. Peni anazo. Wewe mwandikie kikaratasi, ukibandike juu ya mfuko na si juu ya jalada: atumie peni ya bluu kama jalada ni jeupe, ya fedha kama ni jeusi, na wino ukauke kabla jarida halijarudi mfukoni. Jalada linaloteleza halinywi wino upesi. Bolipeni haifai kabisa, inaacha mtaro.

Barua iwe ukurasa mmoja wa mkono, ombi moja. Ukimpelekea majarida saba anajua hilo ni duka. Akiandika "Kwa Juma", bei imeshuka, lakini ndivyo anavyohakikisha Juma hauzi. Wa besiboli watumie Februari na Machi, wakiwa mazoezini Florida na Arizona. Na kabla ya yote, hakikisha mtu yuko hai! Kuna wanaolitafutia saini jarida la pambano la ngumi la Kinshasa la 1974. Muhammad Ali alifariki 2016, mpinzani wake George Foreman 2025. Hizo stempu lipia kitu kingine.

Ninyi wa Dar na Nairobi, stempu ya nyumbani haina kazi Chicago. Bahasha ya kurudi inataka za Marekani. Njia nyepesi ni kuandika anwani ya ndugu aliye huko, maana kila ukoo una shemeji mmoja wa namna hiyo. Atalipokea, atalibeba akija Desemba, kwenye begi, katikati ya viatu vya watoto na chupa za losheni. Mwambie kadibodi na ile kadi nyembamba asizitoe. Losheni ikimwagika, shemeji hana fomu ya fidia.