Ukuta Uliotaja Kila Mtu Isipokuwa Waliouchora

Juma lililopita ulizinduliwa mchoro mpya kwenye ukuta mmoja wa umma hapa kisiwani Mombasa, na nilipofika kuutazama niliyasoma mara mbili maandishi yaliyo pembeni yake ili nihakikishe kwamba sikuruka mstari. Ametajwa mgeni wa heshima pamoja na cheo chake chote, ikatajwa kampuni iliyotoa fedha, kampuni iliyotoa rangi, shirika lililosimamia mradi na hata afisa aliyeratibu shughuli, ambaye kwa kadiri nijuavyo alionekana pale siku ya kupigwa picha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, pameandikwa: "Kazi ya vijana wa mtaa." Mmoja wa vijana hao ana wajukuu.

Habari ya huyo mwenye wajukuu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu maandishi hayo yote, ya vyeo na ya makampuni, ni ya mkono wake. Yeye ni fundi wa herufi. Kwa miaka mingi aliandika vibao vya vinyozi, vya mikahawa na vya maduka ya Mwembe Tayari na Majengo, akaandika misemo nyuma ya matatu, mpaka stika na mabango ya kuchapishwa kwa mashine yalipoingia na kumnyang'anya wateja mmoja baada ya mwingine. Nilimkuta kazini siku aliyokuwa akiandika ukuta huo. Alipigilia misumari miwili, akafunga uzi aliokwisha kuupaka unga wa chaki, akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi ukaupiga ukuta na mstari ukabaki pale, umenyooka. Kisha akaegemeza mkono wa kulia juu ya fimbo fupi iliyofungwa kitambaa nchani, akaanza kuliandika jina la mgeni wa heshima bila ya kulitangulizia penseli. Nilipomwuliza majina yao wenyewe yatakaa wapi, hakugeuka.

"Mwanangu, nimeambiwa nafasi imekwisha," alinijibu, akachovya brashi.

Chini ya mkono wake palikuwa na ukuta mtupu wa kutosha kuwaandika wakazi wote wa Kibokoni, na wageni wao.

Wasomaji wangu wa Mji wa Kale wanakijua kikundi cha wasanii kilichouchora ukuta huo. Ndicho kinachowafunza watoto kuchora kila Jumamosi bila ada, kinachopamba majukwaa ya harusi na ya maulidi, na kinachoitwa na kila shirika linalotaka ukuta uzungumzie usafi, dawa za kulevya, au amani wakati uchaguzi unapokaribia. Sitawataja wanachama wake kwa majina, na kejeli ya kutowataja katika makala kama hii naiona mwenyewe kabla hamjaniandikia. Wameniomba nisiwataje kwa kuwa sehemu ya malipo yao bado haijatoka, na msanii anayedai hapendi kuonekana mwenye mdomo.

Lakini kazi zao nitazitaja. Pindo lote linalouzunguka mchoro ule, lenye mawaridi na minyororo iliyochukuliwa kwenye nakshi za milango ya Ndia Kuu, limechorwa na dada mchora hina ambaye mabibi harusi humwekea nafasi kabla hata ya kupeleka nguo kwa fundi cherehani. Wenzake hugawa karatasi kwa miraba, wakagawa na ukuta kwa miraba ya chaki, kisha wakauhamisha mchoro kutoka mraba hadi mraba. Yeye hakuhitaji miraba. Mtu aliyezoea kupaka piko kwenye mguu unaotikisika kwa kicheko haogopi ukuta ambao hautikisiki. Katika hotuba ya uzinduzi alishukuriwa kama mmoja wa "akina mama waliosaidia". Walisaidia nini, na walimsaidia nani, hotuba haikufafanua.

Yuko pia kijana aliyekulia kwenye kazi ya chokaa, na huyu ndiye aliyeuokoa mchoro wote bila ya kuchora hata jani moja. Kuta zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu wa bahari na kuutoa tena, na ukizifunika kwa rangi ya mafuta unyevu hukwama ndani, chumvi ikajitokeza, na rangi ikafura malengelenge na kubambuka. Rangi iliyoletwa awali na wafadhili ilikuwa ya mafuta. Kijana alikataa kuipaka, akashikilia kwamba plasta ya saruji iliyobandikwa juu na mafundi wa siku za karibuni ikwanguliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha upakwe chokaa kwanza, na rangi ibadilishwe. Uzinduzi ukasogezwa mbele na yeye akaitwa mkaidi. Mwishowe walimsikiliza, na rangi ikabadilishwa kimyakimya. Katika maandishi ya ukutani kampuni ya rangi imeshukuriwa kwa ukarimu wake, na mkaidi hayumo.

Wapo wanaodhani kwamba suala la jina ni suala la majivuno, na kwamba msanii wa mtaani akishapewa nauli, soda na fulana yenye nembo ya mfadhili anapaswa kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Hebu tufuate jinsi kazi inavyopatikana katika mji huu. Meneja wa hoteli ya Nyali anapita pale, analipenda pindo, na anataka mtu wa kumchorea ukumbi wake. Atampigia nani simu? Atapiga kwa shirika lililotajwa ukutani. Shirika litamwambia kwamba lina vijana, litatafuta kikundi chochote kinachokubali bei ya chini, na mchora hina hatajua kamwe kwamba alitafutwa. Fundi wa herufi naye, akienda kuomba kazi kwa mteja mpya, atasema kwamba ule ukuta ni wake, na mteja atamwuliza kwa haki kabisa: mbona hukuandikwa? Nimeona vijana hodari wakiacha brashi na kushika usukani wa tuktuk, na siwezi kuwalaumu, kwa maana abiria akipata dereva mzuri humwuliza jina na kuchukua nambari yake ya simu.

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takribani miaka minne tu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka alipouawa Dar es Salaam mwaka 1972. Alichorea mbao za bei nafuu na rangi za kung'aa za madukani, akatia sahihi. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, wachoraji waliomfuata waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, na picha za mtindo huo watalii huzinunua hata hapa kwetu wanapotoka Fort Jesus. Angeandikwa "kijana wa mtaa", sijui wangenunua picha za nani.

Jamaa yangu mmoja mwenye elimu yake ameniambia kwamba ninaleta fikra za kigeni, kwamba sanaa ya Waswahili ni ya jamii, na kwamba mafundi waliochonga milango tunayojivunia hawakuandika majina yao. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba katika milango mingi utaona aya, nakshi, pengine mwaka, na fundi humwoni. Ila fundi yule alikuwa na karakana katika mji mdogo ambamo kila mwenye uwezo wa kujenga alimjua yeye, baba yake na mwanafunzi wake. Mlango wenyewe ulikuwa sahihi yake. Mombasa ya leo si mji huo. Na jamaa yangu amechagua fani inayomfaa, akaiacha iliyo kubwa kuliko zote kwetu. Washairi wetu hawakuwahi kuona haya kujitaja katika beti za mwisho. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha hali akiwa mgonjwa, hakuufunga mpaka alipojitambulisha na kutia tarehe, mwaka 1275 wa Hijria. Hiyo nayo ni fikra ya kigeni?

Wala sheria haiko upande wa walioagiza maandishi ya ukuta ule. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi hata baada ya kuziuza haki zake za kipato, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inaitaka dola ikuze sanaa na haki za ubunifu za Wakenya. Tena serikali hii hii, kikundi kinapokwenda kusajiliwa, hutaka orodha ya wanachama, kila mmoja na nambari yake ya kitambulisho. Majina yanahitajika sana kwenye fomu.

Na michoro ya ukutani haidumu. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na samawati, na sote tunajua jinsi amri kama hiyo inavyoweza kufuta kwa siku moja kazi ya miezi. Rangi ikishapita juu, kazi ambayo haikuandikwa jina popote haina hata wa kuidai.

Sasa niwape wafadhili haki yao, maana wasije wakasema sikuwapa. Fedha walitoa. Bila ya fedha hizo ukuta ungekuwa bado na matangazo ya waganga na ya vyumba vya kupangisha. Ni kweli pia kwamba wamo wanachama wasiotaka kutajwa, mmoja kwa sababu ya dini na unyenyekevu wake, na wengine kwa sababu mwajiri wao wa mchana hajui kwamba jioni ni wachoraji. Hao waachwe kama watakavyo. Kuna hata swali la aliyebeba maji na kushika ngazi, kama naye aandikwe pamoja na aliyechora uso wa mtu. Nadhani aandikwe, chini ya wenzake, na kazi yake itajwe ilivyo. Haya ni maswali ya kikundi kujibu kikiwa kimekaa mkekani. Hayampi mfadhili ruhusa ya kuwafuta wote.

Kikundi chenyewe, hata hivyo, hakijajisaidia. Mwenyekiti wao ni mtu mwema na hodari wa kuzungumza, na huenda hodari kupita kiasi, kwa kuwa nimemsikia redioni akisema "nilichora" mahali ambapo ukweli ulihitaji "walichora". Akaunti ya benki ni ya kikundi, barua huandikwa kwa kikundi, picha za kazi zimo kwenye simu ya mwenyekiti, na mchonga vinyago aliyejifunza kazi yake Changamwe, ambaye ndiye aliyechonga fremu ya mwarobaini iliyozunguka kibao cha lango, hana hata picha moja ya kazi hiyo ya kumwonyesha mteja. Mfadhili anapoona kwamba ndani ya kikundi chenyewe jina ni moja tu, kwa nini ajisumbue kuuliza mengine?

Ninachodai hakizidi mistari michache. Kila makubaliano ya kazi yataje nani atachora nini. Majina ya wasanii yakae ukutani kwa herufi zisizopungua ukubwa wa herufi za nembo ndogo kabisa ya mfadhili. Nakala ya orodha, pamoja na picha za kazi, ibaki kwa kila mwanachama. Kaunti, ambayo Katiba imeipa shughuli za utamaduni kuwa kazi yake, inaweza kuyaweka masharti hayo kwenye kibali cha kuchora kuta za umma bila ya kutumia hata shilingi moja. Nalo lile neno "vijana" lipumzishwe, hasa linapowahusu watu wenye wajukuu.

Kikundi kimeshaitwa tena, safari hii kuchora ukuta wa shule ng'ambo ya Likoni, na wanataka kuumaliza kabla ya mvua za masika. Mazungumzo ya bei yanaendelea. Mchora hina amesema kwamba hatashika brashi mpaka aone jina lake na majina ya wenzake kwenye karatasi ya makubaliano, na mwenyekiti, ambaye anajua kwamba hana mtu mwingine wa kumchorea pindo, ameahidi kulifikisha jambo hilo kwa mfadhili kabla ya kupokea arbuni.