Sura maarufu pekee haitoshi
Mwandishi wa makala mliyochapisha kuhusu matangazo anadai kwamba tangazo la televisheni hukumbukwa kutokana na umaarufu wa anayeonekana ndani yake, dai ambalo kwangu ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo. Nilipokuwa kijana hapa Mtwara nilitamani kuwa mtunzi wa matangazo (wazazi walitaka mhasibu, na ndiye waliyempata), hivyo katika kibanda cha kuoneshea mpira, wenzangu walipotoka kununua karanga wakati wa mapumziko, mimi nilibaki nikiyatazama. Yaliyodumu ni yale yenye kiitikio kifupi ambacho kesho yake watoto walikiimba wakiruka kamba, au lile la mama aliyeonja mchuzi kiganjani akaguna kwa raha kabla bidhaa haijatajwa. Alipotokea mchezaji maarufu, ubishi ulihusu timu yake, na wachache walijua kama alinadi soda au sabuni. Tusisahau kwamba televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, wakati redio imekwisha kutuzoesha kushika jambo kwa sikio. Je, wasomaji wa Lindi na Newala, ni tangazo gani mnalolikumbuka pamoja na jina la bidhaa yenyewe?