Land Rover Iliyohamia Kongo

Mimi ni mwandika mabango hapa Mwanjelwa, Mbeya. Duka la dawa, saluni, "Mungu Hajalala" nyuma ya bajaji: hivyo ndivyo vinavyoninunulia unga. Lakini ugonjwa wangu ni kuchora magari ya zamani. Kwa hiyo mzee mmoja wa Uyole, bwana shamba mstaafu, alipoingia kibandani akasema anataka Land Rover yake 109 ichorwe aitundike sebuleni, niliacha brashi ikakaukia kwenye ubao wa kinyozi.

Tukaelewana shilingi 80,000, nusu mkononi.

Picha ya kwanza aliyoleta nikaikataa. Mjukuu wake alikuwa ameipiga kwa simu, kasimama hatua mbili tu kutoka kwenye bampa. Kwa umbali huo lenzi ya simu huvimbisha kilicho karibu: tairi la mbele lilikuwa la trekta, la nyuma la toroli. Nikamwagiza arudi nyuma hatua kumi na mbili, achuchumae mpaka simu ilingane na taa za gari, ndipo avute kwa zumu. Kesho yake ikaja picha safi, gari limekaa mshazari, ubavu wa kushoto unaonekana wote.

Sasa hapo ndipo ninapojidai. Hiyo 109 ni inchi kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma. Tairi zake za 7.50-16 zina kipenyo cha karibu inchi 32, kwa hiyo ukilichora gari kwa ubavu, kati ya vitovu viwili zinaingia tairi tatu na nusu kasoro kidogo. Ukizidisha umechora basi. Likikaa mshazari, umbali huo unafupika na tairi zinakuwa duaradufu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: mhimili mfupi wa duaradufu lazima ufuate mwelekeo wa ekseli, la sivyo gurudumu linaonekana limelegea nati. Nilizichora mara sita. Taa mbili nikazikalisha katikati, kwenye shoo, kwa sababu gari la mzee ni la kabla taa hazijahamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kioo cha mbele ni vipande viwili bapa, basi kila kimoja nikakipa mng'ao wake, si ule mng'ao uliopinda wa magari ya siku hizi. Namba ya gari nikaiacha wazi, nitaiandika mwisho kwa brashi. Herufi ndiyo kazi yangu, bwana!

Mchoro huo ulikuwa kwenye karatasi ya kufuatishia, ile unayoona upande wa pili. Kuuhamishia kwenye karatasi nzuri nene, ya gramu 300, kuna utaratibu wake: unageuza mchoro, unapaka mgongo wake kwa penseli laini ya 2B, unageuza tena uso ukae juu, halafu unapitia mistari upya kwa penseli ngumu. Kazi ya saa nzima. Na umeme ukakatika.

Nikawaza: mistari yenyewe nimeichora kwa 2B, ina unga wa kutosha. Si niilaze kifudifudi nisugue mgongoni kwa kijiko cha chai? Nikasugua kwa mwanga wa tochi ya simu. Dakika kumi, gari zima limeshuka kwenye karatasi. Nikajisifu kwa sauti, nikiwa peke yangu.

Asubuhi nikafanya ukaguzi ninaoufanya siku zote. Jicho likishazoea mchoro halioni kilichopinda, kwa hiyo unauangalia kwenye kioo, na makosa yanaruka yenyewe. Nikaushika mbele ya kioo cha kunyolea, picha ya simu nikaiweka pembeni. Vikafanana kama kurwa na doto! Hakuna mstari hata mmoja uliokwenda kombo. Miaka yote ya kuchora sijawahi kupatia vile.

Nikaendelea kwa raha. Wino usioyeyuka kwa maji, kalamu ya 0.5 kwa umbo la nje, 0.3 kwa ribiti na bawaba za milango. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya rangi ya maji haikauki, inasinzia tu, kwa hiyo kila mkupuo niliusubiri nusu saa nikiota jiko. Mwisho, kwa mbwembwe, nikatia kutu ya kahawia kwenye boneti na madigadi. Gari la zamani bila kutu lina ladha gani?

Mzee akaja na mkewe.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba." Akaitazama muda mrefu. "Kijana, gari langu lilihamia Kongo lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Usukani uko kushoto. Na hiki kibonyeo kwenye digadi ni cha ng'ombe wa Usangu, alitokea kushoto. Wewe umekipeleka kulia. Aliyekuwa amekaa kushoto ni huyu mama. Umempa usukani, na hajawahi kuendesha hata baiskeli."

"Mwache," mama akasema. "Nimependeza."

"Halafu kutu umeitoa wapi? Bodi yake ni alumini. Kutu iko chini kwenye chesisi. Umewahi kuona sufuria ya mama yako ikishika kutu?"

Sikuwa na jibu. Nililaza mchoro kifudifudi, ukageuka; na kioo kikaugeuza tena, nisione. Nikaibandika picha kwenye kioo cha dirisha, uso ukiangalia nje, nikafuatisha umbo kutokea mgongoni. Gramu 300 hazipitishi mwanga vizuri, ikabidi nisubiri jua la saa sita. Siku nne za kurudia, bila kutu, kwa bei ileile.

Ile ya kwanza nikaitundika mlangoni kuzibia ufa. Wiki moja baadaye dereva wa lori la kwenda Lubumbashi, kule Kongo, akasimama, akainama, akafurahi: hatimaye gari lenye usukani mahali pake! Akatoa 50,000 bila kubishana. Akaikunja, akafika mlangoni, akaikunjua tena.

"Ila fundi," akasema, "hii kutu umeitoa wapi?"