Kabla ya Kununua Hita ya Pampu Joto, Pima Chumba

Mtu akiambiwa kuna hita ya maji inayokula uniti moja ya umeme na kutoa joto la uniti tatu, ana kila sababu ya kushika mfuko wake. Tumezoea mashine zinazorudisha pungufu ya zilichopewa. Ndiyo maana wengi wakiisikia nambari hiyo huitia kapu moja na vile vidude vinavyodai kupunguza bili ya umeme kwa kuchomekwa tu ukutani. Hapo wanaionea. Nambari ni ya kweli, ila ni ya kweli katika mazingira fulani, na mazingira hayo huenda yasiwe ya nyumba yako.

Hita ya koili, ile yenye waya unaopashwa moto na umeme, hugeuza umeme kuwa joto. Hita ya pampu joto hailitengenezi joto, inalihamisha. Ndani yake mna kompresa, feni na gesi inayozunguka kwenye mirija, sawasawa na friji. Friji huondoa joto kabatini na kulitupa nyuma yake. Weka mkono mgongoni mwa friji inayofanya kazi utalihisi. Hita hii hulichota kwenye hewa iliyoizunguka na kulitia kwenye maji ya tanki. Umeme unalipia uchukuzi, mzigo wenyewe ni wa bure. Wala si wazo la jana: mwaka 1852 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza jinsi mashine ya namna hii ingeweza kupasha nyumba joto kwa makaa machache kuliko kuyachoma moja kwa moja. Japani nayo ilianza kuuza hita za aina hii za majumbani, zinazotumia kabonidioksidi kama gesi ya kuzunguka, tangu mwaka 2001.

Mfikirie mtu anayepampu maji kisimani. Kisima kikiwa kifupi, lita moja ya mafuta inatoa maji mengi. Kikiwa kirefu, mafuta yaleyale yanatoa kidogo. Pampu joto ni hivyohivyo, na kina cha kisima ni tofauti kati ya joto la hewa na joto la maji unayoyataka. Kutoa joto kwenye hewa ya nyuzi 25 na kulipandisha hadi maji ya nyuzi 55 ni mwinuko wa nyuzi 30. Hewa ikishuka hadi nyuzi 5, mwinuko unakuwa wa nyuzi 50, na hata fizikia yenyewe, kabla hujafika kwenye udhaifu wa kompresa, inakata kiwango cha juu kabisa cha ufanisi, yaani uniti za joto kwa kila uniti ya umeme, kutoka takriban 11 hadi chini ya 7. Mashine halisi hupata kama theluthi ya hapo. Kwa hiyo ile tatu au nne iliyoandikwa kwenye kibandiko si tabia ya hita peke yake. Ni tabia ya hita pamoja na hewa inayoivuta.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na wauzaji, na vilevile na wapinzani. Wote wawili hubishana kuhusu mashine, wakati swali liko chumbani.

Chukua stoo ndogo ambamo hita ya zamani ilikuwa imesimama bila taabu: mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, dari mita mbili na nusu. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo zisizofika sita. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba joto kidogo mno, karibu kilojuli 1.2 kwa kila nyuzi. Hita ikichota joto kwa kasi ya kilowati moja, hewa ya stoo hiyo, kama imefungwa kabisa, ingepoa kwa nyuzi kumi ndani ya dakika moja na ushei. Kuta, sakafu na mwanya wa chini ya mlango huokoa jahazi kiasi, lakini umeshaona mambo yanakoelekea: baada ya muda mfupi mashine inavuta ubaridi ilioutoa yenyewe, kisima kinazidi kwenda chini, na mwishowe koili ya akiba iliyomo ndani ya hita inawaka kumalizia kazi. Watengenezaji wengi hutaka mita za ujazo kati ya 20 na 28 za hewa huru kuizunguka hita, na joto la chumba kati ya nyuzi 4 na 32 mwaka mzima. Gereji, chumba cha kufulia au stoo kubwa huwa na nafasi hiyo. Kabati la chini ya ngazi halina, isipokuwa mlango wake ubadilishwe uwe wa luva, yaani wenye mianya ya kupitisha hewa, au mabomba ya hewa yapitishwe hadi nje.

Kuna pia jambo la nani anamiliki joto la chumba hicho. Mahali pa joto na unyevu, hita hii ni baraka mara mbili: inapasha maji na huku inapuliza hewa iliyopoa na kukauka. Chumba cha kufulia kinapoteza ule ukungu wake. Mahali pa baridi, ambapo nyumba hupashwa joto miezi kadhaa kwa mwaka, hesabu inageuka. Ukihitaji uniti saba za joto kwa ajili ya maji, na pampu ikatumia uniti 2.3 za umeme, zile 4.7 zilizobaki zimetoka kwenye hewa ya nyumba. Nani aliziweka pale? Kama chumba kinapashwa na hita ya koili, umezilipia tayari kwa umeme uleule, na katika miezi hiyo hujaokoa kitu. Umehamisha fedha kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kama hita imesimama mahali pasipopashwa joto, au ni ya vipande viwili, yaani kompresa nje na tanki ndani, hasara hiyo haipo, ingawa hewa baridi ya nje nayo ina kina chake cha kisima.

Baada ya chumba, lita. Familia inayotumia lita 200 kwa siku, ikiyatoa maji kwenye nyuzi 20 na kuyafikisha 50, inahitaji joto la uniti saba hivi. Kwa koili ni uniti saba. Kwa pampu yenye uwiano wa tatu, yaani joto la uniti tatu kwa uniti moja ya umeme, ni 2.3. Unaokoa uniti 4.7 kila siku, karibu 1,700 kwa mwaka. Chukua tofauti ya bei kati ya hita hizo mbili, pamoja na gharama ya fundi, uigawe kwa akiba ya mwaka, yaani 1,700 mara bei ya uniti unayolipa wewe. Jibu ni idadi ya miaka. Tangi hizi kwa kawaida hukaa miaka 10 hadi 15, kwa hiyo jibu la mitano au sita linaridhisha, la kumi na mbili ni kamari.

Sasa mtu anayeishi peke yake, anayeoga mara moja na kutumia lita 40. Mahitaji yake ni uniti 1.4 kwa siku. Hata tukiacha kila kitu kingine, akiba yake haifiki uniti moja. Kisha tanki kubwa huvuja joto usiku na mchana, uniti moja hadi mbili za joto, awe ameoga au hajaoga, na pampu inabidi ilirudishe. Huyu, kama tayari ana hita ya papo kwa hapo inayowaka tu bomba linapofunguliwa, sioni kwa nini ahangaike. Nimeona makala zinazompigia debe kila mwenye nyumba bila kumuuliza wanaoga wangapi. Ni kama kumshauri mtu anunue basi kabla hujajua ana abiria.

Anayetumia gesi ana hesabu yake tofauti. Hita ya tanki ya gesi hupeleka kwenye maji kama asilimia 65 ya nishati inayochomwa, nyingine inapanda na moshi. Kwa hiyo pampu yenye uwiano wa tatu inashinda kifedha mradi umeme usizidi mara nne na nusu ya bei ya gesi kwa kiasi kilekile cha nishati. Ukizidi hapo, hoja iliyobaki ni ya moshi: kutokuwa na moto wala kaboni monoksidi ndani ya nyumba. Kwa baadhi yetu hiyo peke yake inatosha.

Upande wa pili una malalamiko ya haki, na la kwanza ni uvivu. Pampu huingiza joto kwa kilowati moja hadi mbili. Tanki la lita 200 lililokwisha kabisa litachukua saa nne au tano kurudi, wakati koili ya kilowati tatu inalimaliza kwa saa mbili na kitu. Watengenezaji hutatua hili kwa kuiweka koili ndani kama msaidizi, na hapo hujificha mtego ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote. Wageni wakija, maji yanaisha, mtu anabonyeza kitufe cha kupasha haraka, kisha anasahau. Kuanzia siku hiyo mwenye nyumba anamiliki hita ya koili ya bei ghali. Bili haishuki, naye anasema pampu joto ni uongo. Dawa ni kununua tanki kubwa kidogo kuliko ulilokuwa nalo, uiache pampu ifanye kazi taratibu, hasa adhuhuri hewa ikiwa na joto. Mwenye paneli za jua anafaidika zaidi: kompresa huvuta kama wati 500, mzigo ambao inveta ya kawaida inaubeba, tofauti na wati 3,000 za koili.

Pili ni joto lenyewe la maji. Kwa kuwa kila nyuzi unayoongeza inarefusha kisima, kuna kishawishi cha kuiacha hita kwenye nyuzi 45 ili nambari ziwe nzuri. Bakteria aina ya Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu na waliotambuliwa baada ya mlipuko wa Philadelphia mwaka 1976, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45 yaliyotulia. Nyuzi 60 huwaua. Hita nyingi zina mzunguko wa kupandisha maji hadi hapo mara moja kwa wiki. Usiuzime ili kuokoa nusu uniti. Na kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, fundi afunge vali ya kuchanganya maji kwenye bomba la kutokea, hasa penye watoto na wazee.

Kelele ni desibeli 45 hadi 60, kati ya mngurumo wa friji na watu wanaozungumza kawaida. Ukutani mwa chumba cha kulala, hapana. Maji yanayodondoka kutoka kwenye hewa iliyopozwa yanaweza kufika lita kadhaa kwa siku penye unyevu, na lazima yapate njia ya kutiririkia.

Gesi inayozunguka kwenye mirija nayo ni ya kuuliza. R-134a, iliyotumika kwenye hita nyingi, ikivuja hupasha angahewa karibu mara 1,430 kuliko uzito uleule wa kabonidioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Propani, inayoandikwa R-290, ni kama mara tatu tu. Propani inashika moto, ndiyo, lakini iliyomo ni kiasi kidogo.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni fundi. Koili ikiungua, fundi bomba au fundi umeme yeyote anaibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Kompresa ikigoma unahitaji mtu wa friji anayejua pia mabomba ya maji, na vipuri vya modeli hiyohiyo. Umeme unaopanda na kushuka huiumiza kompresa kuliko unavyoiumiza koili. Ukiishi mahali ambapo volti hazitulii na mtu wa friji anapatikana kwa kubahatisha, sioni aibu kukwambia ubaki na koili, ulifunike tanki vizuri, na kama paa lako linapigwa na jua uangalie hita ya jua, ambayo haina hata kompresa ya kuharibika.

Kwa hiyo namwona nani anafaa? Nyumba ya watu wanne au zaidi, inayotumia tanki la koili sasa hivi, yenye chumba kikubwa chenye hewa ya wastani mwaka mzima na mtaro wa maji karibu. Huyo asisite. Anayeoga peke yake, mwenye kabati dogo, au anayepasha nyumba nzima kwa koili majira ya baridi, apige hesabu mara mbili. Katikati yao kuna watu wengi, na kinachowaangusha mara nyingi ni haraka. Tanki la zamani hupasuka asubuhi, nyumba ina watoto wa kwenda shule, na kufikia jioni fundi ameshafunga chochote alichokuwa nacho kwenye gari. Tanki likishafikisha miaka minane au tisa, chukua futi kamba leo, pima urefu, upana na kimo cha chumba, sikiliza ukuta wa pili ni wa nani, na uzisome uniti zako za miezi kumi na miwili iliyopita.