Usawa wa Bahari na Miji Mikuu Iliyopanda Mlima

Niliporejea Unguja kutoka Addis Ababa, nilikuta ndani ya mkoba wangu chupa ya maji ya plastiki iliyobonyea pande zote, kana kwamba mtu ameibana kwa viganja viwili. Maji yake niliyanywa alfajiri ile kabla ya kuelekea kiwanja cha ndege, nikakifunga kifuniko barabara, nikaitia mkobani kwa sababu sikuona pipa la taka karibu. Hakuna aliyeigusa. Ndani yake mlikuwa na hewa ya mji ulio kiasi cha mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, ambayo mgandamizo wake ni kama robo tatu tu ya hewa yetu, na tulipotua Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, hewa nzito ya pwani iliizunguka ikaibinya.

Chupa ile niliipeleka barazani jioni, na wazee wakaipitisha mkono kwa mkono. Hukumu yao ilikuwa moja: maskini watu wa huko, wanaishije? Mmoja aliongeza kwamba Mwenyezi Mungu hakuwaumba binadamu waishi mahali ambapo hata chupa haipumui. Nilicheka pamoja nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa sikubaliani nao, na makala haya ni jawabu nililopaswa kulitoa pale pale.

Kosa letu sisi watu wa visiwani limo katika kipimo chenyewe. Mwinuko wa kila mji duniani huhesabiwa kuanzia baharini, na sisi tunakaa papo hapo kwenye sifuri, kwani hata kilima cha Masingini, kilicho cha juu kabisa Unguja, ni cha mita mia moja na ushei. Kwa kuwa hesabu inaanzia kwetu, tumejiona sisi ndio kawaida na wengine wote ndio waliopotoka. Huko juu, hata hivyo, si vijiji vya wachunga mbuzi peke yake. Iko miji mikuu mizima: La Paz ya Bolivia imepita mita 3,600, Quito ya Ekwado ina mita 2,850 hivi, Bogotá ya Kolombia imevuka mita 2,600, Thimphu ya Bhutan na Asmara ya Eritrea zote zimo katika mita 2,300 na zaidi kidogo, Sana'a ya Yemen ina takriban mita 2,250, na Jiji la Mexico mita 2,240. Wabolivia na Waekwado hata hugombea nani mwenye mji mkuu wa juu zaidi duniani, maana katiba ya Bolivia inautaja mji wa Sucre, wenye mita 2,800 hivi, kuwa ndio mji mkuu, ilhali serikali inakaa La Paz. Ugomvi wa namna hii hauzuki kwa watu wanaoionea haya anwani yao.

Jawabu linalotolewa kwa wepesi kuhusu sababu za miji hiyo kupanda ni hali ya hewa, nalo lina ukweli wake. Kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa kiasi cha digrii sita na nusu, na ndiyo maana Quito, iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta, hukaa mwaka mzima katika digrii 14 au 15, wakati sisi tulio digrii sita kusini ya mstari huohuo tunatokwa jasho hata usiku wa manane. Mbu wa malaria naye haipendi baridi. Hata hivyo ukiitazama historia kwa makini utaona kwamba baridi peke yake haijawahi kuupandisha mji mkuu. Kinachoupandisha ni upande aliouelekea mtawala: akiitazama bahari, mji wake hukaa pwani, na akiitazama bara, mji hupanda.

Mfano wa kwanza uko nyumbani. Seyyid Said aliuacha mji wa Maskati akahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kwa sababu utajiri wake ulikuja kwa pepo za kaskazi na kusi, na mtu wa namna hiyo hana haja ya mlima. Wahispania nao walipoiteka Peru walikuta dola iliyotawaliwa kutoka Cusco, kwenye mita 3,400. Wakafanya makao yao ya mwanzo Jauja, nayo iko juu vilevile, na mwaka 1535 wakateremka na kuujenga mji wa Lima kando ya bahari, kwa sababu zilikotoka amri zao na zilikokwenda fedha zao kulifikiwa kwa meli. La Paz, kwa upande wake, ilianzishwa mwaka 1548 kwenye njia iliyounganisha migodi ya fedha ya Potosí na Lima, na bonde lile lilichaguliwa kwa ajili ya safari za biashara zilizopita hapo, wala si kwa ajili ya upepo wake mwanana.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume na Lima. Waitalia walitangulia kukaa Massawa, bandari ya Bahari ya Sham, kisha mwishoni mwa karne ya 19 wakapandisha makao ya koloni lao Asmara. Waingereza walianzia Mombasa, na reli ilipofika mwaka 1899 kwenye ardhi ya kinamasi ambayo Wamasai waliiita kwa jina la maji baridi, ikazaliwa Nairobi, na kufikia mwaka 1905 ofisi za serikali zilikuwa zimeshahamia huko. Watasema walilikimbia joto. Ni kweli walilikimbia, lakini kule juu walikuwa wakiifuata pia ardhi ya kulima na reli ya kusafirishia mazao. Sisi watu wa pwani tumezoea kuisimulia habari hii kwa uchungu wa kuachwa, na Dodoma ilipoamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, ikiwa kwenye mita 1,100 na ushei, wapo wa ng'ambo ya pili, Dar es Salaam, walionung'unika kwa sauti ileile. Mimi sioni tusi ndani yake. Nchi iliyoipa bara uso haikosi kuipa pwani kisogo, na kisogo hicho si chuki.

Menelik wa Pili, mfalme wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, anatoa somo la namna nyingine. Kabla ya Addis Ababa alikaa Entoto, ile milima inayoonekana kaskazini ya mji, kwenye mita kama 3,000, mahali pazuri pa kumchungulia adui lakini penye upepo mkali na kuni za shida. Mwaka 1886 yeye na mkewe Taytu walianza kuuteremshia mji bondeni, penye chemchemi za maji ya moto. Kwa hiyo Addis, ambayo wazee wangu wa barazani wanaiona imepaa mawinguni, kwa wenyewe ni mji ulioshuka.

Sasa nije kwenye mwili, maana huko ndiko huruma yetu inakoelekea. Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi za ghorofa tatu nikiwa na begi dogo, na kwenye ghorofa ya pili nikalazimika kusimama nikijifanya nasoma tangazo ukutani. Mwanamama mtu mzima akanipita na ndoo ya maji, wala hakuhema. Oksijeni haikuwa imepungua fungu lake katika hewa, kwani huku na huko ni asilimia 21 ileile. Kilichopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie mapafuni na damuni. Mwili huanza kwa kuhema haraka na kuuendesha moyo mbio, na baada ya wiki kadhaa huongeza chembe nyekundu za damu. Walioishi juu kwa vizazi na vizazi wana hazina nyingine ya kurithi: watu wa Andes, milima ya Amerika ya Kusini, damu yao hubeba himoglobini nyingi kuliko yetu, lakini Watibeti, jambo la ajabu, wameizoea hewa hiyo bila damu yao kuongezeka kiasi hicho. Maradhi ambayo Andes huyaita soroche, yenye kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, kwa kawaida ni maradhi ya mgeni aliyepanda kwa haraka, na La Paz mgeni huyo hupewa chai ya majani ya koka. Kwa hivyo tunapouliza wanaishije, tunawauliza wenyeji juu ya ugonjwa ambao, kwa sehemu kubwa, ni wetu.

Jambo lililonifundisha zaidi ya ngazi zile ni chungu cha maharage. Dada mmoja wa Makunduchi aliyeolewa Addis aliniagiza nazi, na nilipompelekea akasema siku ya Jumapili atanipikia maharage ya nazi kama ya kwao. Alianza asubuhi. Maharage yakachemka, povu likapanda, mvuke ukajaa jikoni, na baada ya saa mbili nikaionja punje moja, ikang'ang'ania menoni kama iliyotoka gunia. "Hapa, kaka, maharage hayaivi, yanachoka tu," aliniambia, kisha akaufungua mlango wa kabati akatoa sufuria la presha, akayahamishia humo, akakaza kifuniko na kuendelea kuikuna nazi yangu. Kwetu maji huchemka kwenye digrii 100, kwake huchemka kwenye digrii 92 hivi, na La Paz kwenye 88. Yakishachemka, hata ukoke moto wa aina gani hayapandi zaidi, na punje ya harage hujali ukali wa joto, haishughulishwi na mapovu. Sufuria lile lenye kifuniko cha kukaza humrudishia mpishi ule uzito wa hewa aliouacha pwani. Maharage tulikula saa saba na nusu, nayo yalikuwa matamu.

La Paz imepindua pia desturi tuliyoizoea ya wenye uwezo kukaa vilimani na wanyonge kubaki bondeni. Mji ule umo ndani ya shimo, na wenye uwezo wamejenga chini kabisa, upande wa kusini, kwenye ujoto na hewa nzito kidogo, huku walala hoi wakikaa juu kwenye uwanda wa El Alto, kwenye mita 4,000 na zaidi, ambako upepo hauna kizuizi. Tangu mwaka 2014 magari ya kamba yanayoning'inia hewani huwapandisha na kuwateremsha wafanyakazi kati ya sehemu hizo mbili. Kiwanja cha ndege nacho kiko huko El Alto, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita nne, yetu ya Kisauni ikiwa na kama tatu, kwa sababu bawa katika hewa nyepesi halibebi mpaka ndege ikimbie zaidi. Hata Addis, baadhi ya ndege ziendazo Marekani hutua njiani kujaza mafuta, ilhali zikirudi huja moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapofika kwenye uonevu hasa. Mwezi wa Mei mwaka 2007, FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa katika viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, na kwa kalamu moja miji mikuu mitatu, La Paz, Quito na Bogotá, ikanyimwa haki ya kuwapokea wageni nyumbani kwake. Evo Morales, rais wa Bolivia wakati ule, alipanda mlima Sajama akacheza mpira kwenye theluji ili kuonyesha kwamba hakuna anayekufa. Mwezi uliofuata kiwango kilipandishwa hadi mita 3,000, na mwaka 2008 marufuku ikasimamishwa. Halafu tarehe 1 Aprili 2009 Bolivia ikaifunga Argentina ya Maradona mabao sita kwa moja pale La Paz, na malalamiko yakaanza upya. Ni kweli kwamba mwenyeji ana nafuu kubwa, wala sibishi. Lakini Kolombia, yenye mji mkuu wa baridi, huwapeleka wageni wake Barranquilla, mji wa bandari, wakayeyuke kwenye joto la mchana, na hapana aliyewahi kuandika marufuku dhidi ya jasho. Jasho tunalihesabu kuwa sehemu ya mchezo kwa sababu waliotunga kanuni wanalifahamu.

Jambo moja ninawakubalia wazee wangu, nalo ni kwamba bahari haisahauliki. Bolivia ilipoteza pwani yake yote kwa Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na mpaka leo kila tarehe 23 Machi huadhimisha siku ya bahari, na ina jeshi la majini lenye maskani katika ziwa Titicaca, kwenye mita 3,800. Uhabeshi nayo ilibaki bila bandari Eritrea ilipojitenga mwaka 1993. Sina neno la kejeli kwa baharia wa ziwani. Mtu anayeitunza sare ya bahari asiyokuwa nayo anaijua thamani yake kuliko mimi ninayepita Forodhani kila siku bila ya kugeuza shingo.

Mwenzangu mmoja wa Addis alikuja kututembelea mwezi wa Februari, kaskazi imekaza. Siku mbili za mwanzo hakutoka chini ya feni, akiuliza kwa adabu jinsi binadamu anavyoweza kufanya kazi katika hali hii. Siku ya tatu nilimpeleka Jambiani, na ilisadifu kuwa ni bamvua, maji yamekupwa. Bahari ilikuwa imekwenda zake mbali, mstari mweupe tu unaonekana mwambani, na kinamama wamo mchangani katika mashamba ya mwani, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni. Tulikula, tukaswali, na tulipotoka tena alasiri maji yalikuwa yanagonga ukuta wa nyumba tuliyofikia. Alisimama akautazama ukuta, akayatazama maji, kisha akaniuliza mji wao unapoambiwa uko mita 2,350 na kitu juu ya usawa wa bahari, hesabu imeanzia bahari ya asubuhi au hii ya alasiri. Nilimwambia hawaifuati hata moja, wanachukua wastani wa miaka mingi. "Basi," akasema huku akivua viatu, "hata huku kwenu hakuna anayekaa kwenye sifuri."